Bata Hana Shida

Bata hana shida. Nimeambiwa maneno hayo na watu watano kwa nyakati tofauti, na wote watano walikuwa wananiaga.

Wa kwanza alikuwa kijana aliyekaa pembeni ya soko la Buguruni na tenga lililofunikwa kipande cha chandarua. Ilikuwa Alhamisi moja ya mwezi Juni, mshahara umeingia mchana, nami nilikuwa nimepita pale kununua nyanya. Ndani ya tenga walikuwamo vifaranga wa bata, manjano na mabaka meusi, wamebanana kama abiria wa Mbagala, kila mmoja akilia kwa sauti kubwa kuliko mwili wake. Nikauliza bei, akasema elfu nne. Nikasema elfu mbili. Tulikutana kwenye elfu mbili na mia tano na, kwa kuwa nilijiona nimemshinda, nikachukua tisa. Nyanya nilizikumbuka nikiwa Gongo la Mboto.

"Wanakula nini hawa?" nilimuuliza wakati anawahamishia kwenye boksi la biskuti.

"Chochote, mzee wangu. Bata hana shida." Akakunja chandarua chake, akabeba tenga, akapotea. Angekuwa ameniuzia simu kisha akaondoka kwa haraka namna ile, ningemtilia shaka.

Mama watoto hakuwapo nyumbani. Alikuwa amekwenda Tanga kumwangalia mdogo wake aliyejifungua, na kwao mzazi haachwi mpaka arobaini itimie. Aliniachia watoto wawili, funguo za kabati la vyombo na onyo moja: nisianzishe jambo lolote kubwa. Kifaranga wa bata anaenea kwenye kiganja. Kwa hesabu yangu, sikuwa nimevunja amri.

Konda wa daladala alisikia sauti za boksini kabla sijakanyaga ngazi. "Mzee, hao kuku unawalipia?" Nikamwambia si kuku, ni bata. "Ahaa! Kumbe mzee anakwenda kula bata Chanika!" Gari zima likacheka, maana mjini kula bata ni kustarehe, na mtu mwenye tai iliyolegea na boksi la biskuti mapajani hafanani na anayestarehe. Mama mmoja aliyekuwa anashuka akaniinamia na kuninong'oneza kwa huruma, "Usiwe na wasiwasi mwanangu, bata hana shida." Huyo wa pili.

Kulikuwa na jambo kuhusu bata ambalo mimi sikulijua lakini boksi lilikuwa limekwisha kulijua: kila anachokula hutoka na maji, na hakikai sana njiani. Tulipofika Pugu, kitako cha boksi kilikuwa kimelainika kama andazi lililotumbukia kwenye chai, na vifaranga wakaanza kunimwagikia magotini mmoja mmoja. Kaka mmoja mwenye raba nyeupe alipanda juu ya kiti. Wanane tuliwapata upesi. Wa tisa alikutwa kwenye kikapu cha dada wa siti ya nyuma, juu ya fungu la mchicha, ameshaanza chakula cha jioni. Niliulipia mchicha.

Usiku ule ndipo nilipotambua kwamba baridi ipo hata Dar es Salaam. Sisi tukifika kipupwe tunajifunika shuka mbili na kusema leo kuna hali ya hewa nzuri. Kifaranga wa bata wa wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 hivi, na kibaraza changu saa sita za usiku hakikuwa hata karibu na hapo. Walilia. Nikawapa wali, wakalia. Nikawapa maji, wakayakanyaga, wakalia wakiwa wamelowa. Binti yangu wa kidato cha pili akatoka chumbani macho yamevimba, akatumbukiza mkono ndani ya karai nililowaweka, na wote tisa wakaupanda mkono, wakajibanza kwapani, kimya. "Wanasikia baridi, baba," akasema, kwa sauti ambayo mama yake huitumia kwangu.

Nikaenda kutafuta balbu. Nyumba nzima ina zile taa za kubana matumizi, ambazo zina mwanga bila joto, kama baadhi ya wakwe. Nikawasha jiko la mkaa, nikaliingiza chumba cha stoo na vifaranga, nikafunga mlango ili joto lisitoke. Bibi jirani yetu, ambaye halali na hajawahi kulala, akanena kutoka upande wa pili wa ua: "Mwanangu, huo mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unamchomea nani? Unataka tuamke na msiba?" Nikautoa mbio. Tuliishia na chupa tatu za maji ya moto, kila moja imeviringishwa kanga, nazo zikipoa kila baada ya saa mbili. Kanga zilikuwa za mama watoto, doti mpya aliyoishonea pindo kwa ajili ya harusi. Saa nane nikachemsha maji. Saa kumi nikachemsha maji. Asubuhi ofisini mwenzangu mmoja aliniona ninasinzia juu ya faili, nikamweleza, akacheka huku akichukua begi lake kwenda semina: "Bata? Lakini bata hana shida!" Wa tatu.

Kufikia siku ya nne nilikuwa nimeelewa nilichonunua. Haikuwa mifugo, ilikuwa mashine ya kugeuza chakula kuwa tope. Kuku hunywa maji kwa adabu: anachota, anainua kichwa, anamshukuru Mungu. Bata anajaza pumba mdomoni, anakimbia kwenye maji, anazimwaga humo, anazikoroga, anapuliza mapovu kwa pua, kisha anarudi kwenye pumba na mdomo unaochuruzika. Baada ya dakika kumi chakula ni maji na maji ni chakula. Niliwapa kile chombo cha kunyweshea vifaranga wa kuku. Kumbe ni kifupi, maana bata lazima azamishe mdomo wote ili asafishe matundu ya pua. Nikaona dawa ni kuondoa maji kabisa wakati wa kula. Mmoja akameza pumba kavu, akanyoosha shingo, akaanza kuruka ruka na macho yamemtoka, nami nikakimbia na kikombe kama zimamoto. Bata asiye na maji karibu anaweza kukabwa na chakula chake mwenyewe. Mwishowe nilichukua dumu la lita tano nikalitoboa matundu ya kupitisha kichwa tu. Kesho yake nilimkuta mmoja ndani ya dumu, mwili mzima, anaelea kwa amani na kunitazama kupitia tundu ambalo mpaka leo sijui alilipitaje.

Hapo tufike kwenye Jumapili ya beseni, ambayo mtaani kwetu bado inatajwa.

Wahenga walisema samaki hafundishwi kuogelea, nami nikaona bata ni yale yale. Nikajaza maji ya kisima kwenye beseni kubwa la kufulia, nikawaita wanangu wapige picha, nikawatia vifaranga ndani. Uzuri wake sitausahau. Walizama, wakaibuka, wakafukuzana, wakatikisa vimkia. Mwanangu wa darasa la tatu alipiga makofi. Ilidumu kama dakika tatu. Kisha mmoja akaanza kuzama upande wa nyuma, kama jahazi linaloingiza maji. Wa pili akafuata. Tulipowatoa, malaika yao yote yalikuwa yameshikana na ngozi, kila kifaranga amebaki saizi ya kidole gumba, na wote walitetemeka kiasi kwamba beseni tupu tulilowaweka lilikuwa linalia.

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Chupa za maji ya moto zilikuwa zimebaki mbili, jiko halijawashwa. Mtaa mzima palikuwa na mahali pamoja tu penye joto na jenereta, napo ni saluni.

Niliingia na beseni kichwani. Ndani kulikuwa na akina mama wanne, wawili chini ya madraya na rola kichwani, wamekuja kutengenezwa kwa ajili ya sherehe. Dada mwenye saluni ananiita shemeji kwa heshima ya mke wangu, na ni heshima hiyo tu iliyoniokoa. Akachungulia beseni. Akanitazama. Akachungulia tena.

"Shemeji, hawa natoza kwa kichwa au kwa kundi?"

Mama mmoja akatolewa chini ya draya kwa hiari yake, maana alishaanza kulia kwa kicheko. Tukaliweka joto chini kabisa, tukalifunika beseni taulo, tukawapuliza. Kwanza walitetemeka, halafu wakasinzia, halafu wakaanza kuvimba taratibu, mpaka wakawa vibonge vya manjano vikubwa kuliko walivyokuwa nilipowanunua. Mmoja alisimama katikati ya taulo na kujitazama kwenye kioo. Nililipa bei ya kichwa kimoja. Jioni ile mama watoto akapiga simu. "Eti bibi harusi alitengenezwa nywele pamoja na bata?" Niseme tu kwamba kutoka Chanika hadi Tanga ni zaidi ya kilomita mia tatu, na habari ilikuwa imechukua saa nne. Mpaka siku hiyo, kila akiuliza zile sauti ni za nini, nilikuwa namjibu ni redio.

Jumatatu nilikwenda duka la pembejeo kumwona bwana mifugo, kijana mpole mwenye kalamu sikioni. Nilikwenda kwa sababu mmoja wa vifaranga alikuwa ameanza kukalia visigino, miguu haina nguvu. Akaniuliza nawalisha nini. Nikasema pumba za mahindi na mahindi ya kuparaza. Akatikisa kichwa. Bata anahitaji niasini, yaani vitamini B3, nyingi kuliko kuku, na mahindi hayampi ya kutosha. Ikipungua, miguu ndiyo inayosema. Nikakumbuka nimewahi kusikia chachu ina vitamini za aina hiyo, nikamwambia kwa kujiamini kwamba nyumbani nina pakiti mbili za hamira.

"Mzee," akasema taratibu, "unataka wapone au waumuke?"

Chachu ya dawa ni nyingine, iliyokufa. Ya maandazi iko hai na itaendelea na kazi yake tumboni. Akanipa unga wa vitamini za kundi B wa kuchanganya kwenye maji, akaniambia niongeze dagaa waliosagwa. Halafu akaomba kuziona zile pumba. Nilikuwa nazo kidogo kwenye mfuko, za bei nafuu, zina rangi ya kijivu kwa mbali. Alizinusa, akazitupa pipani bila kuniomba ruhusa. Sumukuvu, akasema. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa miezi michache, na chanzo kilikuwa mashudu ya karanga kutoka Brazil yaliyoota kuvu. Bata wadogo nao walikufa. Tena kifaranga wa bata anadhurika upesi mno na sumu hiyo kiasi kwamba wataalamu walikuwa wakimtumia kupima kama chakula kinayo. Nilisimama pale nikimfikiria kijana wa Buguruni. Yule anayekula chochote ndiye aliyechaguliwa na sayansi kuonja sumu.

Nikamweleza habari ya beseni. Akaguna. Bata ana tezi ya mafuta juu ya mkia, anajipaka kwa mdomo na maji hayamwingii, lakini kwa kifaranga tezi hiyo bado haijachangamka. Anayelala chini ya mama yake hupata mafuta kwenye manyoya ya mama, na mama humtoa majini kabla hajachoka. Na joto? Mama yao angewafunika. Na hicho chakula cha kijivu? Mama yao angewapeleka penye wadudu na majani. Kila nililouliza, jibu lilianza na mama yao. Nilirudi nyumbani nikiwaza. Wale wote walioniambia bata hana shida hawakunidanganya. Walikuwa wamemwona bata mwenye mama, anatembea na watoto kumi nyuma yake wasioumwa wala kulia, wakadhani hakuna kazi inayofanyika pale. Mimi mwenyewe nimewahi kusema ofisini, na si mara moja, kwamba watoto wangu hawana shida.

Kwa kukosa mama, vifaranga walikuwa wamejichagulia mmoja. Kulikuwa na Mwaustria, Konrad Lorenz, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na wenzake wawili, ambaye anajulikana hasa kwa bata bukini waliotoka kwenye yai, wakamwona yeye kwanza, wakamfuata kila aendako. Kwenye picha anaonekana ametulia sana. Nadhani hakuwa na daladala ya kuwahi. Mimi walinifuata chooni, wakasubiri mlangoni wakilia kama wadai. Walinifuata dukani. Walinifuata kwenye kikao cha mtaa, na mjumbe akaniuliza kama akidi ihesabiwe pamoja nao.

Alfajiri moja mwanangu alisahau kufunika karai. Nilitoka gizani kwenda msikitini, nikasikia vishindo vidogo nyuma yangu, nikajiambia ni majani. Nilipoketi kutia udhu, wakafika wote tisa na kujitosa kwenye kidimbwi chini ya bomba. Sasa sisi ni Mashafii, kinyesi cha ndege kwetu ni najisi hata kama nyama yake ni halali, kwa hiyo waumini walianza kurudi nyuma wakikunja kanzu. Nikakimbilia nje ya ua ili wanifuate. Walinifuata mpaka ukingo wa kibaraza, wakajipanga pale, ubavu kwa ubavu, hapana nafasi kati yao. Imamu wetu, ambaye kwa miaka kumi anatuomba kila siku tunyooshe safu, akatoka mlangoni, akawatazama muda mrefu.

"Mnaona?" akawaambia waliokuwa nyuma yake.

Nilisali nyumbani.

Sasa kunguru. Hili nalieleza kwa ufupi kwa sababu bado linaniuma. Hawa kunguru weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, wakavuka mpaka bara, na leo wanaijua ratiba ya kila nyumba ya Dar es Salaam. Vifaranga walikuwa na wiki tatu, mchana wanashinda uani. Niliingia ndani kuchukua dagaa, nikasikia kelele, nikatoka, nikaona mbawa tu juu ya mwembe. Wanane walikuwa wamejificha chini ya benchi. Alikuwa yule wa dumu. Mwanangu hakula usiku ule, nami nilijifanya nimekula. Kesho yake nilifunika ua kwa neti ya uvuvi niliyonunua Feri, iliyogharimu kuliko vifaranga wote tisa.

"Wako wangapi?" mama watoto aliuliza kwenye simu.

"Wanatosha," nikasema.

Shemeji yangu wa Muheza, mfugaji wa kweli, alipopata habari alinipigia kunishauri. Aliniambia hawa ni wale bata wa kawaida wa vijijini, asili yao Amerika, wala nisiwategemee kusema kwa-kwa kama wa katuni. Dume likikua hufoka kwa pumzi kama pampu ya baiskeli. Nikataka kumuuliza kuhusu miguu, kuhusu neti, kuhusu usingizi. "Ah, wewe, bata hana shida," akasema, salio likaisha. Wa nne.

Mama watoto alirudi siku ya arobaini na moja, saa tisa alasiri, na begi la nguo na kikapu cha machungwa. Nilitoka kumpokea getini. Nyuma yangu walitoka wanane, nusu malaika nusu manyoya, wanachechemea kwa mstari, na yule aliyekuwa anakalia visigino akiwa mbele. Alisimama. Alinitazama usoni, chini ya macho, kwenye shati lenye pumba begani. Akawahesabu kwa kidole, akafika nane, akarudia.

Kabla hajafungua kinywa, bibi jirani akatokeza kwenye ua wake, amejitanda baibui, anawahi msibani. Nikamwamkia, akaitikia, akamgeukia mke wangu.

"Karibu mwanangu. Mwenzio kafuga! Tena umempa kazi nyepesi, bata wenyewe hawana shida." Akaenda zake.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno ya siku thelathini na nane. Lakini mama watoto alikuwa ameshakaa juu ya begi lake katikati ya njia, anacheka mpaka machozi, na vifaranga walikuwa wamekipindua kikapu wakiyatoboa machungwa, na mmoja alikuwa ameokota pindo la kanga yake na kuanza kulimeza.